Gita bila spika ni mbu kwa sikio: vile narekodi gita ya umeme hapa Kisumu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Manyatta alinijia na flashi mkononi, uso umekunjamana. "Mwalimu, hebu skiza hii uniambie gita yangu iko na shida gani, juu nimebadilisha nyuzi, nimenunua pedali, na bado." Nikaskiza sekunde kumi hivi nikazima. Gita haikuwa na shida, pedali haikuwa na shida, vidole ndio kabisa, huyo mtoto anapiga. Nikamwambia, "Omera, wewe umesahau kurekodi spika." Akaniangalia kama nimemtegea kitendawili.

Wengi wanaorekodi kwa nyumba wanaangukia hapo hapo, na mimi mwenyewe nilianguka vibaya, kwa hivyo wacha nieleze polepole.

Gita ya umeme ikiwa peke yake haijamaliza kuwa gita. Nyuzi zinatikisika juu ya pikapu (si ile ya kubeba viazi kutoka Molo, ni hiyo sumaku iliyozungushiwa waya), pikapu inatoa kastima kadogo sana, hako kastima kanaenda kwa ampu, ampu inakakuza na kusukuma spika. Sasa hiyo spika ya mwisho watu wanadhani kazi yake ni kutoa sauti tu, kumbe inaitengeneza. Spika ya gita ya kawaida, ile ya inchi 12, si spika safi hata kidogo. Ikifika karibu 5 kHz (mitikisiko elfu tano kwa sekunde, namba ikipanda sauti inakuwa nyembamba) inachoka na kushuka kwa kasi, huko chini ya 80 Hz haina mengi ya kukupa, na kati ya 2 na 4 kHz imevimba kama mtu aliyepigwa ngumi. Ukiichezesha mziki wa kawaida itaskika kama redio imefungiwa kabatini. Lakini kwa gita hiyo kasoro ndio utamu wenyewe.

Distoshoni ndio inaumbua watu. Pedali ya distoshoni inachukua wimbi la sauti inalikata kichwa, na kila ukikata hivyo unazaa hamoniki, yaani sauti zingine za juu juu, nyingi, zinapanda hadi 10 kHz na kupita. Kwa ampu halisi huzisikii sana juu spika inazichuja kama unga kwa chekecheo. Sasa wewe umetoa waya kwa pedali ukachomeka moja kwa moja kwa intafesi (kale kasanduku ka kuingiza sauti kwa kompyuta), hedifoni zako zinafika 20 kHz, zinakupa yote bila huruma. Ndio unaskia zzzzzz. Mbu.

Mimi nilijua haya baada ya aibu. Kitambo nikianza nilirekodia bendi moja wimbo mzima hivyo, usiku kucha, na kwa masikio yangu yaliyochoka nikaona ni moto. Kesho yake tukaichezesha kwa gari ya mwenye bendi, spika kubwa kubwa, na mpiga besi akauliza kwa upole kama kuna nyuki wameingia kwa dashibodi. Pesa ya hiyo kazi nilirudisha nusu.

Utasema basi si urekodi ampu na maiki uache stori. Sawa, na kama uko na chumba kimetulia fanya hivyo, hakuna kitu kitamu kama hicho. Eka maiki ya dainamiki (Shure SM57 iko kazini hiyo tangu 1965 na bado haijastaafu) karibu na kitambaa cha spika, vidole viwili hivi kutoka kwa kitambaa, halafu umulike na tochi ya simu uone koni iko wapi. Ukielekeza maiki katikati kabisa kwa kile kifuniko cha duara sauti inakuwa kali, ukisogea kuelekea ukingo inakuwa nzito na ya giza. Sogeza sentimita mbili, rekodi, skiza, sogeza tena. Hizo sentimita mbili zinafanya kazi kuliko ikwalaiza (ile ya kupandisha na kushusha sauti za juu na za chini) yoyote unayoijua.

Lakini mimi naishi Kisumu chini ya mabati. Mvua ya jioni ikiteremka hapa huskii hata mwenye mko naye kwa kochi, sembuse maiki. Ongeza bodaboda, ongeza kesha ya jirani, ongeza mtoto wa plot anayelala saa mbili na mamake hana mchezo. Kwa hivyo kazi yangu karibu yote narekodi waya moja kwa moja, sauti kavu, halafu spika naieka baadaye ndani ya kompyuta. Mvua inyeshe itakavyo, pikapu haiskii mabati.

Spika ya kompyuta ndio hii wanaiita IR, impalsi risponsi. Ni kafaili kadogo ka WAV, mara nyingi hakafiki hata nusu sekunde, ambako mtu amepima spika halisi, kabati lake na maiki iliyokuwa mbele yake, akahifadhi tabia yake yote. Unakafungua kwa plagini (kaprogramu ka kuongezea kwa ile ya kurekodi), kanaekwa baada ya ampu ya programu, na ile zzzz inazimika papo hapo. Ziko za bure nyingi kwa intaneti, na ampu za bure pia ziko, kama Neural Amp Modeler. Kama huna hata hiyo, chukua ikwalaiza ya kawaida ukate kila kitu juu ya 5 au 6 kHz, ukate kwa mteremko mkali si wa kubembeleza, na chini ukate 80 Hz. Haitakuwa spika, ila mbu atatoka. Wenye pedali kubwa za efekti, tafuta mahali imeandikwa CAB, hiyo ndio spika ya kuigiza iliyo ndani ya pedali. Ukirekodi waya, iwe imewashwa. Ukichomeka kwa ampu halisi, izime, juu spika mbili zikifuatana sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi.

Kuna mahali nakubali gita bila spika: benga safi isiyo na distoshoni. Ile ya kupiga juu juu kwa shingo ya gita, nota zinadondoka kama mawe kwa bati na besi inazifukuza. Hapo hamoniki za ziada hazipo za kuudhi, na ule ukali kidogo unasaidia gita ipenye katikati ya sauti za waimbaji. Kompresa kidogo (ya kusawazisha nota kubwa na ndogo), basi. Watu wengine bado wanaeka IR na siwakatazi, mimi huwa naichanganya nusu kwa nusu na ile kavu.

Sasa hiyo sauti kavu lazima iingie vizuri, la sivyo unaekea maiti suti. Kwa intafesi tafuta kitufe cha INST ama Hi-Z na ukibonyeze. Pikapu ni kitu dhaifu, inataka tundu lisiloinyonya, la ukinzani wa kama megaomu 1 (omu milioni moja). Ukichomeka kwa tundu la laini, ambalo mara nyingi ni kiloomu 10 hivi (omu elfu kumi tu), linavuta stima yote na trebo, zile sauti za juu, inakufa, halafu unaanza kuitafuta kwa ikwalaiza na haiko. Waya pia usiwe mrefu kama wa kuanikia nguo, mita tatu zinatosha, juu kila mita inakula trebo kidogo. Geini eka vile ukipiga kwa nguvu zako zote mshale ufike kama -12 dB. Rekodi biti 24, hutapoteza kitu kwa kuwa chini, ila ikipasuka hapo imepasuka milele.

Mngurumo. Stima yetu ni volti 240, 50 Hz, na pikapu ya koili moja inaiskia hiyo 50 kama vile unaskia jogoo wa jirani. Zunguka na kiti ukishika gita, kuna upande mmoja utaskia inapungua sana, kaa hapo hapo. Chomoa chaja ya laptopu urekodi na betri, nusu ya shida za watu huisha hapo. Kama mngurumo bado hauishi, angalia waya za ndani ya gita na urthi ya soketi, ita fundi wa stima. Usikate ile pini ya tatu ya plagi eti nimesikia inasaidia. Inasaidia mpaka siku itakuua.

Na distoshoni, punguza. Ile unayoona ni tamu ukiwa peke yako kwa chumba, ipunguze kama theluthi, halafu rekodi mara mbili, kweli mara mbili si kunakili faili, moja kushoto moja kulia. Itaskika kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Turudi kwa kijana. Bahati alikuwa amerekodi na ile kavu kando, hakujua hata mbona. Nikaitoa, nikaeka ampu, nikamfungulia IR tatu tofauti, zote nimesawazisha volyumu juu ile iliyo juu kidogo ndio sikio huona tamu. Akaskiza macho yamefungwa. Akachagua ya tatu, ile ya giza giza. Mimi ningechukua ya kwanza, lakini wimbo ni wake.