Mvuke wa chumvi: dhana potofu na ukweli

"Moto ukizidi, molekuli zote husambaratika kuwa atomu." Wengi tuliamini hivyo tangu shule. Lakini miaka ya 1950, huko Chicago, wanasayansi William Chupka na Mark Inghram walipopasha grafaiti (kaboni ngumu) na kuupima mvuke wake kwa spektrometa ya masi, mashine inayotenga chembe kwa uzito wake, walikuta kaboni imetoka kwa wingi ikiwa tatu-tatu, C₃. Chumvi ya mezani nayo hutoa NaCl pamoja na jozi, Na₂Cl₂, na joto likipanda ndani ya chombo kilichofungwa, sehemu ya jozi huongezeka. Joto linavunja, sawa, ila pia linajaza mvuke mpaka molekuli zinabanana.

"Chumvi haitoi mvuke mpaka ichemke." Huyeyuka kwa nyuzi 801, ila hata kabla ya hapo, ikiwa bado ngumu, hutoa mvuke wa kutosha kupimwa. Ili kuupima mvuke huo, chumvi huwekwa kwenye kikombe chenye mfuniko wa tundu dogo mno, ndani ya ombwe. Kikombe hicho kina jina la Martin Knudsen wa Denmark: molekuli huchomoka tunduni mojamoja bila kugongana.

"Namba ya uzito inayoonekana kwenye chati ya mashine ndiyo molekuli iliyokuwemo." Hapa ndipo wageni wa kazi hii huumbuka. Molekuli zikitoka, hupigwa na elektroni ili ziwe ioni, yaani chembe zenye chaji, na kipigo hicho huzivunja. Chati ya chumvi ina 23, kisha 58 na 60, kisha 81 na 83; namba huja mbilimbili kwa sababu klorini ina atomu za uzito wa 35 na za 37. Hiyo 81 ni Na₂Cl⁺, kipande cha jozi iliyopoteza klorini moja. Jozi nzima, 116, huioni kwa urahisi.

Na 23? Usikimbilie kuandika "mvuke wa sodiamu". Punguza nguvu ya elektroni taratibu. Atomu huru ya sodiamu hutoa ioni kuanzia elektroni-volti 5.1 (kipimo cha nguvu ya elektroni), Na⁺ inayotoka kwenye NaCl huhitaji zaidi ya 9. Ikitoweka ukiwa bado juu ya 5.1, ilikuwa kipande tu.

Halafu kuna kilango kati ya tundu na elektroni. Kifunge. Namba ambayo kilele chake kwenye chati hakishuki haikutoka kwenye kikombe. Ni mabaki yanayoelea ndani ya mashine.