Neva zinazojiendesha: mafuta na breki haitoshi

Neva zinazoendesha viungo bila sisi kuamua zina pande mbili, simpathetiki na parasimpathetiki. Shuleni wengi tulifundishwa kuwa simpathetiki ni mafuta na parasimpathetiki ni breki. Kwa moyo mfano huo unakubali. Kwa viungo vingine unapotosha, na anayeumia ni mgonjwa aliyemezeshwa dawa isiyomfaa.

Kila amri hupitia seli mbili za neva. Ya kwanza imo kwenye shina la ubongo au ugwe wa mgongo. Inatoa uzi hadi kwenye fundo (kishada cha seli za neva), na hapo ya pili huipokea amri na kuifikisha kwenye kiungo. Simpathetiki hutoka katikati ya mgongo, T1 hadi L2 (kipande cha kwanza cha kifua hadi cha pili cha kiuno), na mafundo yake mengi yamejipanga kandokando ya pingili. Parasimpathetiki hutoka kwenye ncha mbili: juu, neva za kichwa za 3, 7, 9 na 10, chini, S2 hadi S4 (vipande vya ugwe vilivyo chini ya vile vya kiuno). Mafundo yake yako karibu na kiungo chenyewe, au hata ndani ya ukuta wake. Neva ya 10, vagasi, hushuka hadi tumboni, na nyuzi zake nyingi hazibebi amri bali hurudisha habari kwa ubongo.

Kwenye mafundo yote kemikali ni moja, asetilikolini. Kwenye kiungo, parasimpathetiki huitumia hiyo hiyo, na simpathetiki hutumia noradrenalini. Tezi za jasho hazifuati kanuni hii: neva zake ni za simpathetiki lakini zinatoa asetilikolini. Ndiyo maana atropini, dawa inayozuia asetilikolini, ikizidi, mdomo hukauka, na ngozi pia hukauka na kuwa moto.

Moyo usiodhibitiwa na neva yoyote hupiga kama mara 100 kwa dakika. Ukiwa umetulia unapiga 70 hivi kwa sababu vagasi inauzuia. Hiyo ni breki kweli. Lakini mishipa mingi ya damu haina parasimpathetiki kabisa. Inabanwa simpathetiki ikiongezeka, inalegea ikipungua, basi.

Ukisimama, mililita 500 hadi 800 za damu huteremkia miguuni na tumboni. Vihisi vya presha vilivyo kwenye ateri za shingo na upinde wa aota (ateri kuu itokayo moyoni) hugundua, shina la ubongo huamuru mishipa ibanwe na moyo uharakishe, na yote hayo hutokea ndani ya sekunde chache. Kisukari cha miaka mingi huharibu nyuzi hizi. Dawa za tezi dume kama tamsulosini huziba mahali noradrenalini inaposhika. Mtu anasimama, macho yanaingia giza, anaanguka.

Kemisti nyingi hapa Nairobi hupima presha mteja akiwa amekaa, na kipimo hicho hakiwezi kuonyesha tatizo hili. Mlaze dakika 5, pima presha na mapigo. Msimamishe, pima tena dakika ya 1 na ya 3, huku mtu akiwa tayari kumshika. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, presha yake inaanguka akisimama. Kisha tazama mapigo, hatua ambayo wengi huiruka. Yakipanda sana, shuku upungufu wa maji au damu. Yakipanda chini ya 15, shuku neva zenyewe, ila kama anameza dawa zinazopunguza mapigo, kama atenololi, kigezo hiki hakitegemeki.

Kibofu kinapata neva za pande zote mbili, lakini kazi zake zinashangaza wengi: parasimpathetiki ndiyo inayokikaza ili mkojo utoke, simpathetiki hukilegeza na kufunga shingo yake ili mkojo utunzwe. Sasa angalia tembe za mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari. Nyingine zina klofeniramini pamoja na pseudoefedrini. Ya kwanza huzuia asetilikolini, kibofu kinashindwa kukaza. Ya pili hubana shingo yake. Kwa kijana hakuna neno. Kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba, mkojo unaweza kugoma kabisa usiku huo huo. Asisubiri asubuhi, wala asinyweshwe maji mengi "yausukume": apelekwe hospitali awekewe mpira wa mkojo, na aende na pakiti ya zile tembe.