Kishada cha kujifunzia kaiti: yanayosemwa ufukweni na ukweli wake

Kusi ikikaza, vijana wa Kigamboni na Masaki huanza kuulizana bei za vishada vya kaiti, mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao ukivutwa na kishada. Ushauri ni mwingi, na mwingine unaweza kumvunja mtu mguu.

"Anza na kidogo, ndicho salama."
Ukubwa hufuata uzito wako na upepo wa siku hiyo. Mtu wa kilo 75, katika upepo wa kilomita 30 kwa saa, kwa kawaida hupewa kishada cha mita za mraba 10 hadi 12. Mwenye kilo 55 atatosheka na cha 8 hivi. Mpe yule wa kilo 75 cha mita 6: hakitamwinua juu ya ubao, na kwa kuwa vidogo hugeuka upesi, mikono ya mgeni haitakiwahi. Kukosea kwa kuchukua kikubwa mno ndiko kubaya zaidi, maana upepo wa kilomita 40 kwa saa una nguvu mara 4 ya ule wa 20. Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hutaja kasi ya upepo wa Pwani kwa kilomita kwa saa. Usishike pampu ya kukijaza hewa kabla hujausikia.

"Vyote ni sawa, tofauti ni rangi."
Hapana kabisa. Vyenye umbo la C hubaki na nguvu nyingi hata ukiisukuma baa, yaani fimbo ya kukiongozea, mbali nawe, na vikianguka majini ni kazi kuvirusha tena. Hivyo waachie wanaorukaruka hewani. Mwanafunzi atafute umbo la upinde au la delta: ukiachia baa, karibu nguvu yote inakwisha, kikianguka unavuta kamba moja ya nyuma, kinaviringika hadi pembeni mwa upepo, kisha kinapaa. Na mwanafunzi atakiangusha kutwa nzima.

"Mtumba wowote unatosha kujifunzia."
Hapa ndipo ninapowasihi watu. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya kishada cha kujazwa hewa mwaka 1984, lakini umbo lao la upinde lilifika sokoni karibu mwaka 2005. Vingi vya kabla ya hapo havipunguzi nguvu ipasavyo. Ukipewa bure, kataa.

Mtumba mzuri upo, ila ukague bila haraka. Ujaze hewa hadi uwe mgumu, uuache saa kadhaa. Ukilegea, tyubu au valvu inavuja. Shika kitambaa karibu na mishono: kilicholiwa na jua huwa laini kama kanga kuukuu na huchanika kirahisi. Funga kamba zote nne kwenye nguzo moja, uzivute pamoja. Zisipolingana, kishada kitakwenda upande. Mwisho, fyatua kifaa cha dharura, kile cha kukuachanisha na nguvu ya kishada, ukiwa umekivuta kwa uzito wako wote. Chumvi na mchanga hukigandisha. Kisipofyatuka mara moja, usinunue.

"Nunua kwanza, mwalimu baadaye."
Shule za kaiti za Paje, Zanzibar, hufundishia vishada vyao wenyewe. Jifunze kwa vya kwao, ujue kipi kinakubeba.

"Kishada kizuri kitakurudisha tu."
Si kwenye umande, ule upepo wa alfajiri utokao bara. Ukififia ukiwa mbali, kishada kinalala juu ya maji nawe unasukumwa nje. Siku hiyo baki mchangani, ungoje upepo ugeuke utokee baharini.