Kabla ya mrija, mfuko

"Musawo, mbona hamumwekei mashine ya kupumulia?" Ndugu wa majeruhi wa bodaboda hawakosi kuniuliza hivyo. Musawo ni tabibu; mimi ni mtu wa nusukaputi, huku upande wa Malaba, na jibu langu huwaudhi: mashine itangoja.

Kwanza nasikiliza. Waliomleta hufurahi, "bado anakoroma!" Asiyejitambua akikoroma, ulimi umelegea ukaziba koo. Damu na matapishi nayafyonza kwanza, la sivyo utayapuliza mapafuni. Pampu yetu ni ya kukanyaga kwa mguu. Umeme ukikatika haina habari. Kisha nasukuma taya mbele bila kukunja shingo, maana huenda imevunjika.

Halafu naingiza Guedel, kile kiplastiki kilichopinda cha kuzuia ulimi usizibe koo. Nakipima shavuni, toka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya. Kifupi husukuma ulimi nyuma, kirefu hukandamiza kidakatonge, kile kifuniko cha njia ya hewa. Akianza kutaka kutapika, nakitoa.

Sasa mfuko wa Ambu, ule unaobanwa kwa mkono kumpulizia mgonjwa hewa. Ulitoka Denmark mwaka 1956, kazi ya Holger Hesse na Henning Ruben, na uzuri wake ni kwamba ukiuachia unajijaza wenyewe. Mtungi wa oksijeni ukiisha saa tisa usiku, hewa ya chumbani, yenye oksijeni asilimia 21, bado ipo. Kinachotushinda ni barakoa yake, inayofunika mdomo na pua. Mkono mmoja huvujisha, hasa kwa mwenye ndevu. Mimi huishika kwa mikono miwili, nikiinua taya kuifuata barakoa, mwenzangu abane: mara moja kila sekunde sita, kifua kinyanyuke basi. Ukibana kwa pupa hewa inajaa tumboni, na matapishi hayo yanakuja.

Mrija wa kooni ndio unaolinda mapafu vizuri zaidi, sibishi. Lakini nikiwa mwanafunzi, laringoskopu, kile chombo chenye taa cha kutazamia kooni, ilinizimikia nikiwa nimeshaziona nyuzi za sauti. Betri! Nikarudi kwenye mfuko, tukambania mgonjwa mpaka zikaletwa betri kutoka kwenye tochi ya askari wa getini.

Siku hizi nikiingia zamu nawasha ile taa ya laringoskopu kabla hata ya kuvua koti. Kisha naziba tundu la mfuko kwa kiganja na kuubana. Ukinywea, umetoboka, nautafuta mwingine kabla bodaboda hazijaanza kuleta watu.