Alama Inayobaki Nembo ya Gari Ikibanduliwa

Wenye magari wengi jijini Nairobi huamini kwamba alama inayobaki baada ya nembo kubanduliwa ni rangi iliyoharibiwa na gundi, na kwa hiyo mlango mzima wa buti lazima upakwe rangi upya. Mara nyingi ukweli ni kinyume: sehemu iliyofunikwa na nembo ndiyo iliyohifadhi rangi ya kiwandani, ilhali rangi inayoizunguka ndiyo iliyofifia kwa miaka mingi ya jua, na jua la Nairobi, jiji lililo karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, lina miale mikali ya urujuanimno (UV), isiyoonekana kwa macho, ambayo hufifisha rangi.

Gundi yenyewe ni jambo dogo. Ipashe joto kwa draya ya nywele, pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma ya nembo kama msumeno, kisha uyafute mabaki kwa spiriti. Thina isitumike kamwe, hasa kwenye gari lililowahi kupakwa rangi upya, kwa kuwa huweza kuiyeyusha. Nembo nyingine zina vijiti vilivyopenya kwenye bati, nazo zikitolewa huacha matundu yasiyofutika kwa polishi.

Kwa hiyo kinachopaswa kusuguliwa kwa polishi ni eneo linaloizunguka alama, ili tabaka lililochakaa liondoke na tofauti ipungue. Gari likiwa limekaa juani miaka mingi, hasa likiwa jekundu, kivuli hafifu huweza kubaki. Hapo tu, au penye matundu ya vijiti, ndipo ninapoona gharama ya kupaka rangi ina sababu.