Bodi ya tabaka nne nyumbani: kazi iko kwenye tundu

Wanaotaka kujaribu bodi ya saketi ya tabaka nne (nyuso nne za shaba, mbili zikiwa zimefichwa ndani) nyumbani huulizia gundi kwanza. Gundi si tatizo. Unachukua bodi mbili nyembamba zenye shaba pande zote, unafunika kwa utepe nyuso zitakazobaki nje, unachora za ndani na kuyeyusha shaba isiyotakiwa kwa kloridi ya feri. Ukishapiga msasa laini, unapaka epoksi inayokauka polepole na kuzibana katikati ya vyuma viwili bapa mpaka kesho yake. Hakikisha tu hakuna mapovu. Hewa iliyonaswa ndani hutanuka unapolehemu, na bodi ikafura.

Kulinganisha tabaka kunataka umakini zaidi. Mimi hutoboa matundu matatu pembeni kabla ya kuchora chochote, umbali wake usiolingana ili bodi isiweze kuwekwa kinyume. Pini zinazoshika filamu ya mchoro (karatasi angavu yenye picha ya njia za shaba) ndizo hizohizo zinazoshika bodi wakati wa kubana. Zipake nta, la sivyo epoksi itazimeza.

Sasa tundu lenyewe, lile linalounganisha tabaka kwa umeme. Kwenye bodi ya tabaka mbili unapitisha waya, unaulehemu juu na chini, basi. Hapa tabaka mbili zimezikwa. Kinachoonekana ndani ya tundu ni ukingo wa shaba wenye unene wa mikromita 35, mwembamba kuliko unywele, na mguso wako wote uko hapo. Biti (ncha ya kutobolea) ikiwa butu hupata moto, ikalainisha epoksi na kuipakaza juu ya ukingo huo. Kwa macho tundu ni safi. Ukipima kwa malitimita (kifaa cha kupimia umeme), umeme haupiti. Viwandani huosha uchafu huo kwa kemikali ya pamanganeti. Nyumbani kinga ni biti mpya ya kabaidi (madini magumu sana), mwendo wa kasi, na kuitupa mapema hata kama roho inauma. Vaa barakoa, vumbi la fibaglasi si la kuvuta.

Ili tabaka ziungane, ukuta wa tundu hupakwa shaba kwa umeme. Lakini kuta hizo hazipitishi umeme, kwa hiyo shaba haina pa kushika. Unapitisha wino wa grafiti, unafyonza ziada tundu lisizibe, unakausha kwa joto. Wengi huishia hapo, kumbe grafiti imefunika na ule ukingo. Chovya bodi kidogo tu kwenye dawa hafifu ya kuyeyusha shaba, grafiti iliyokaa juu ya shaba ing'oke na ile ya ukutani ibaki. Kisha iingie kwenye maji ya salfeti ya shaba na asidi ya salfa (asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume), bodi upande hasi, vipande vya shaba upande chanya. Kwa ampea 2 kwa kila desimita mraba, saa moja hujenga takribani mikromita 25. Ukiongeza mkondo kwa pupa, midomo ya tundu hunenepa na katikati hubaki nyembamba. Nyuso za nje huchorwa mwisho kabisa.

Ukitaka kukwepa asidi, iko njia ya dirisha: kabla ya kubandika, toboa bodi ya juu tundu la milimita 3 pale pedi (kipande cha shaba cha kulehemia) ya bodi ya chini itakapokaa, ulehemu waya humo. Haipendezi, lakini inashika. Tabaka za ndani zikiwa ni za graundi (upande wa sifuri wa umeme) na umeme wa kuendeshea saketi peke yake, madirisha yatakuwa machache.