Ngapi ngapi? Kutangaza mechi za chuo redioni

Mpira wa miguu unanipa nafasi ya kupumua. Beki akimrudishia kipa, napata wasaa wa kusema mchezaji yule yuko mwaka wa ngapi, hata kugusia kwamba kusi limeanza kuvuma. Kikapu hakina huruma hiyo. Uwanja ni mita 28 kwa 15, timu ina sekunde 24 tu za kushambulia, na ulimi wangu ukiwa bado unamalizia kikapu cha huku, wenzao wameshajibu kule.

Mara ya kwanza kupewa mechi ya kikapu ya chuo hapa Tanga, nilitangaza kama nilivyozoea kusikia Coastal Union na African Sports zikitangazwa kutoka Mkwakwani: kila pasi naitaja. Robo ya kwanza haijaisha, koo limekauka. Wakati wa mapumziko nikatoka getini kutafuta maji. Pale alikuwepo mzee muuza machungwa, redio yake kaining'iniza kwenye mpini wa toroli. Akanimenyea chungwa, akasema, "Mwanangu, maneno unayo. Lakini ngapi ngapi?"

Dakika nzima nzima zilikuwa zimepita sijataja matokeo.

Siku hizi kwenye kikapu kila filimbi ikilia nataja pointi na muda uliobaki. Kwenye soka ni kila baada ya dakika mbili, goli liwepo lisiwepo, maana kuna mtu ndiyo kwanza kawasha redio na hana kioo cha kuchungulia. Katikati ya hapo, kwenye kikapu, nimeacha kufukuzana na mpira. Naacha pasi tatu zipite, nasema iliyozaa tunda.

Msikilizaji pia anataka kujua mpira uko wapi. BBC walipotangaza mechi ya Arsenal na Sheffield United mwezi Januari 1927, jarida lao la redio lilichapisha picha ya uwanja uliogawanywa vyumba vyenye namba, msikilizaji afuatilie kwa kidole. Sisi tunasema "kushoto mwa redio yako", na inatosha, ilimradi ukumbuke kugeuza kipindi cha pili. Nimewahi kusahau. Nilizipeleka timu zote mbili lango moja kwa dakika kadhaa.

Lugha yenyewe inasaidia, ukijua kuikata. "Amemnyang'anya" ina silabi sita. Mpaka uimalize, mpira umeshatua kikapuni. "Kapora" ni tatu. Kwa hiyo kwenye kikapu natumia kapora, kapanda, karusha, kaingia! "Amepokea" na "anaambaa na chaki" nayawekea soka, ambako winga ana mita arobaini mbele yake na mimi nina pumzi.

Kipaza sauti kimoja kiko mdomoni kwangu, kimevishwa sifongo kwa ajili ya upepo wa baharini. Cha pili nakifunga kwenye nguzo ya goli la kikapu, kinase mpira ukidunda kwenye sementi na viatu vikikwaruza. Bila hicho nasikika kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Shida ni kwamba nyavu za pale chuoni zimechakaa zikaisha, imebaki ringi tupu, na mpira ukipita katikati bila kugusa chuma hakuna mlio wowote. Watu wa nyumbani wanasikia kimya. Ndiyo maana lile neno "kaingia" lazima liwahi.

Na majina? Timu ya chuo inabadilika kila mwaka, wengine wanahitimu, wengine ndiyo wanaripoti. Nafika saa nzima kabla, namuuliza kila mmoja jina lake linavyotamkwa, naandika kwenye kadi kwa penseli. Namba za jezi zimefubaa kwa kufuliwa, 3 na 8 ni ndugu, hivyo kando ya jina naandika rangi ya viatu. Mbinu nzuri sana hiyo, mpaka juzi, mapumziko, vijana wawili walipobadilishana viatu.